Dada wa "Kifurushi cha Australia", Bosi wa Makongamano na Vijana wa IT Wanaolizwa Mjini

Wadau wa mjini mnamjua hata bila jina. Ni yule dada wa gari jeupe na wigi jipya kila Ijumaa, aliyeanza na mitandio, akahamia kwenye dawa za kupunguza tumbo, akapotea miezi kadhaa, halafu akaibuka na kangaruu. Ndiyo, kangaruu. Kila posti yake siku hizi ina kangaruu, ina bendera ya Australia, na chini yake maneno yale yale: Kifurushi cha ACS, uhakika asilimia mia, zimebaki nafasi kumi tu. Hizo nafasi kumi zimebaki tangu mwezi wa pili na haziishi.

Mwanzoni watu walicheka. Mtu wa mitandio na mambo ya kompyuta wapi na wapi? Lakini vijana wakaanza kulipa, na waliolipa si washamba. Ni wale watoto wa Sinza, Mwenge na Kijitonyama wanaokesha na laptopu, wanaotengeneza mifumo ya malipo ambayo mjini wote tunaitumia kulipia luku bila kujua nani kaiandika. Milioni tatu na nusu kwa kichwa. Kuna aliyekopa kwenye simu, kuna aliyeuza kiwanja alichopewa na baba yake. Hapo kicheko kikaisha.

Kwa ambaye hii ACS kaisikia tu kwa dada, iko hivi. Australia inachukua wataalamu kutoka nje kwa kuhesabu pointi. Kabla hujaomba hizo visa, lazima ujuzi wako upimwe na chombo kinachotambuliwa na serikali yao. Kwa fani nyingi za kompyuta chombo hicho ni Australian Computer Society, ndo hiyo ACS. Upimaji wenyewe si wa kuingia chumba cha mtihani na peni. Wanataka karatasi: cheti cha chuo na matokeo ya kila somo, barua za waajiri wako zinazoeleza ulifanya nini, na ushahidi kuwa kweli ulilipwa kwa kazi hiyo. Wanazisoma, wanazilinganisha na fani uliyoichagua kwenye orodha yao yenye namba. Mhandisi wa programu ni 261313, mhandisi wa mitandao na mifumo ya kompyuta ni 263111, na kadhalika. Kisha wanatoa barua ya matokeo, na kwa barua hiyo ndo unaingia kwenye foleni ya visa.

Yote hayo yanafanyika kwenye tovuti yao. Mtu anajisajili mwenyewe, anapakia karatasi mwenyewe, analipa ada kwao moja kwa moja kwa kadi ya benki. Hakuna dirisha la ACS Kariakoo. Hata ubalozi wa Australia hapa hatuna, Tanzania inahudumiwa kutoka Nairobi, na huko nako hawapimi ujuzi wa mtu. Sasa dada anaposema "nina mtu wangu ndani", ndani ya wapi?

Kifurushi chenyewe, kwa walichoonyesha waliokinunua, kina vitu vitatu. Cha kwanza ni "ushauri", yaani simu moja ya dakika ishirini na kijana mwenye sauti nzito anayeitwa mtaalamu. Cha pili ni barua ya uzoefu wa kazi kutoka kampuni ambayo mteja hajawahi kuikanyaga, ina muhuri, ina saini, ina namba ya simu ambayo ikipigwa anapokea huyo huyo mwenye sauti nzito. Cha tatu, kwa wasio na digrii ya kompyuta, ni ripoti mbili za miradi zilizoandikwa tayari. Wateja wawili wasiojuana waliwahi kukutanishwa na rafiki, wakafungua ripoti zao. Mradi ni ule ule, wa mfumo wa hospitali, wenye makosa yale yale ya tahajia. Mmoja alikuwa amefanya kazi benki maisha yake yote na mwingine anatengeneza tovuti za hoteli za Zanzibar. Hospitali wote wanaijua kwa kwenda kuchoma sindano.

Sasa ACS hawajalala. Ripoti hizo wanazipitisha kwenye programu zinazokagua maandishi ya kukopi na kupesti. Ripoti iliyouzwa kwa watu ishirini itanaswa kwa mtu wa pili. Na ukinaswa huambiwi tu "rekebisha ulete". Ombi linaweza kukataliwa lote, ada haikurudii, na taarifa inaweza kufika idara ya uhamiaji ya Australia.

Na tuseme barua feki imepita ACS, imefika kwenye visa. Huko kuna sharti linaitwa 4020. Ukitoa hati ya uongo au maelezo ya uongo kwenye jambo la maana, visa inakataliwa, na kwa miaka 3 visa nyingi zenye sharti hilo hupewi. Kama uongo unahusu utambulisho wako wewe mwenyewe ni miaka 10. Na hakuna cha "mimi sikujua, aliandika dada". Jina kwenye ombi ni la nani? Ni la mteja. Dada hayumo popote, hata risiti hajatoa, anapokea kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la shangazi.

Timu ya dada ikisikia haya inakuja juu. Wivu. Roho mbaya. Mwanamke akijituma mnamsema. Anasaidia vijana, serikali imewasaidia nini? Hoja ya kusaidia ipewe nafasi yake, maana ndo inayowavuta wengi. Ni kweli kazi ya kupanga hizi karatasi ni ngumu, Kiingereza chake ni cha kiofisi, na mtu anaweza kulipa mwenzie anayejua akae naye. Hilo halina ubaya wowote. Ila anayesaidia anakuuliza ulifanya kazi gani. Dada hajawahi kumuuliza mtu yeyote alifanya kazi gani. Anauliza umelipa nusu au yote.

Halafu kuna hili la "uhakika asilimia mia". Wakala wa uhamiaji anayefanya kazi ndani ya Australia lazima awe amesajiliwa na ofisi inayoitwa OMARA, anapewa namba, na namba hiyo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye daftari lao mtandaoni bure. Aliye nje ya Australia sheria yao haimlazimishi kujisajili, na uchochoro huo ndo wajanja wanaoupita. Lakini hata aliyesajiliwa, mwenye namba na ofisi Melbourne, hawezi kukuahidi matokeo, maana si yeye anayeamua. Dada wa mitandio anaahidi.

Sasa tuache kangaruu kidogo. Swali ambalo mjini hawaliulizi ni hili: kijana mwenye akili zake, aliyefanya kazi halali miaka saba, ananunuaje barua feki? Mtu mwenye nyumba yake hapangi. Kwa nini mwenye uzoefu wa kweli anunue uzoefu wa uongo?

Jibu linavaa suti ya buluu bila tai na raba nyeupe. Naye mnamjua. Ni yule bosi kijana wa kampuni ya teknolojia, kila kongamano la vijana yumo jukwaani, kila gazeti likiandika "wabunifu wa Bongo" picha yake ipo, mikono imekunjwa kifuani. Anapenda sana kusema kampuni yake ni familia. Familia kweli, maana mikataba hakuna.

Yupo kijana mmoja aliyemfanyia kazi miaka mitatu. Digrii yake ni ya kompyuta, ya chuo kikuu cha hapa hapa. Kabla ya hapo alikuwa miaka minne kwenye kampuni nyingine ndogo Posta, isiyo na kelele, haijawahi hata kupigwa picha. Alipoomba barua Posta, mzee mwenye kampuni alimwambia aandike rasimu ya kazi zake, akaisoma, akarekebisha tarehe mbili, akaichapa kwenye karatasi yenye nembo, akasaini na kuweka namba yake ya simu. Siku tatu, imekwisha. Alipoenda kwa bosi wa makongamano mambo yakawa mengine. Meseji zao zimeshaonwa na watu.

"Habari kaka. Samahani kwa usumbufu, naomba ile barua ya utumishi, ina haraka kidogo."

"Mdogo wangu, nikikupa barua unakimbia nchi. Tujenge nchi kwanza."

Wiki mbili baadaye kaka akalegea, akatuma barua. Mistari miwili. Kwa yeyote anayehusika, fulani alifanya kazi kwetu, tunamtakia kila la heri. Haina tarehe ya kuanza, haina ya kumaliza, haina kazi alizofanya, haisemi kama alikuwa wa muda wote au wa kubahatisha. Mbele ya ACS barua hiyo ni ya kufungia karanga.

Watu wanadhani hili ni jambo dogo la karatasi. Hebu tupige hesabu ya huyu kijana, maana hesabu haina timu.

Umri wake ni miaka 32. Kwa pointi za Australia, mwenye miaka 25 hadi kabla ya kutimiza 33 anapata 30. Digrii ni 15. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS alipata 7 kila kipengele, hapo ni 10. Jumla 55. Kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuingia kwenye foleni ni 65. Zinazobaki lazima zitoke kwenye uzoefu wa kazi.

Na hapa ndo penye siri ambayo dada haisemi kwenye laivu zake, huenda hata haijui. ACS hawahesabu miaka yako yote. Wanakata kwanza. Mwenye digrii ya kompyuta inayoendana vizuri na fani aliyoomba, na kazi yake imo ndani ya miaka 10 iliyopita, anakatwa miaka 2. Digrii ya kompyuta isiyoendana na fani, wanakata 4. Kinachobaki baada ya kukata ndo kinachohesabiwa kwenye pointi: miaka 3 hadi 4 ya kazi nje ya Australia ni pointi 5, miaka 5 hadi 7 ni 10, miaka 8 kwenda juu ni 15.

Kijana ana miaka 7. Toa 2, inabaki 5. Pointi 10. Jumla 65, kaingia kwenye foleni, hata kama ni mlangoni, maana wanaoitwa mara nyingi wana zaidi ya hizo. Jimbo likimpendekeza anaongezewa 5, akikubali kwenda mikoani kwao ni 15.

Sasa toa ile miaka mitatu ya bosi ambayo haina barua. Inabaki minne ya Posta. Toa 2 ya kukatwa. Inabaki 2. Pointi sifuri. Jumla 55, nje.

Karatasi moja ambayo ingemchukua bosi nusu saa kuisaini ni pointi 10 za mwenzie. Na mwakani kijana anatimiza 33, pointi za umri zinashuka kutoka 30 hadi 25, halafu hata barua ikija haitoshi tena peke yake. Itabidi arudie IELTS atafute 8 kila kipengele. Kwa hiyo akikaa sebuleni usiku, anaona posti ya kangaruu, milioni tatu na nusu, barua siku tano. Unadhani anaona nini? Anaona ile miaka yake mitatu aliyoifanyia kazi kweli, inauzwa na mtu mwingine.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba hiyo barua si fadhila ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inasema mwajiri anapomwajiri mtu ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, kuanzia lini, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Yaani karibu kila kitu ambacho ACS wanakitafuta kwenye barua, sheria ya hapa nyumbani ilitaka kiandikwe siku ya kwanza. Na kifungu cha 44 kinasema kazi ikiisha mwajiri atoe cheti cha utumishi. Hakisemi "akijisikia". Hakisemi "kama mfanyakazi haendi nje". Sheria ina zaidi ya miaka ishirini, ni ya zamani kuliko kampuni ya bosi.

Bosi anaijua vizuri. Anajua pia kwa nini hataki kuandika. Mshahara nusu ulikuwa unapita benki na nusu unatumwa kwenye simu, kodi ipungue. Makato ya NSSF yalikatwa kila mwezi kwenye karatasi, kijana alipoenda kuomba taarifa ya michango akakuta miezi ya kuhesabu kwa vidole. Ukimpa mtu barua yenye tarehe kamili na "muda wote", umekiri ulikuwa na mwajiriwa. Kwa hiyo ule wimbo wa tujenge nchi kwanza una bwana wake, na bwana mwenyewe ni Mamlaka ya Mapato.

Basi huyo anayejiita mjenga nchi ndo anayemletea dada wateja. Hawajuani pengine, lakini mmoja anabana na mwingine anauza. Mjini tunamsema dada kwa sababu ana wigi na gari jeupe. Bosi anapewa tuzo.

Sasa wapo walioshindwa kupata barua na bado hawakununua ya uongo, maana ACS wenyewe wanajua mabosi wa aina hii wapo dunia nzima. Mwajiri akikataa au kampuni ikifa, wanakubali hati ya kiapo ya mtu mliyefanya naye kazi, msimamizi au mwenzako wa meza ya pili, aliyeona kwa macho ulichokuwa unafanya. Si wewe kujiapia. Anaapa yeye mbele ya wakili au kamishna wa viapo: alifanya kazi wapi na wewe, wewe ulikuwa nani, kuanzia tarehe gani mpaka ipi, saa ngapi kwa wiki, kazi zipi. Kuanzia saa 20 kwa wiki wanaihesabu. Kiapo kinasindikizwa na ushahidi mwingine.

Ushahidi wa malipo ndo unaowaua wengi, na ni wa kuanza kuukusanya leo, si siku ya kuomba. Hati za mshahara za kila mwezi. Taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia na jina la aliyetuma. Taarifa ya NSSF, hata kama ina mapengo. Karatasi za kodi. Wangapi hapa wanatupa hati ya mshahara siku hiyo hiyo kwa kuogopa mke asione? Zitunzwe. Aliyelipwa taslimu miaka yote bila karatasi ana kazi ngumu, na hilo ni la kumwambia ukweli, si la kumuuzia muhuri.

Kwenye kazi zenyewe, watu wanaharibu kwa kunakili maelezo ya fani kutoka kwenye orodha ya Waaustralia neno kwa neno, wakidhani ndo inapendeza. Anayesoma barua hizo anaisoma orodha ile kila siku, ataijua kwa harufu. Andika ulichofanya. Kama uliunganisha mfumo wa duka na malipo ya simu ukitumia Java, sema hivyo. Kama mfumo ulikuwa unaanguka kila mwisho wa mwezi ukagundua tatizo liko kwenye hifadhidata, sema. Huyu kijana wa Posta alikuwa na mambo ya namna hiyo kurasa mbili nzima, mambo ambayo mwenye sauti nzito asingeweza kuyatunga hata angepewa mwaka.

Na fani ichaguliwe kwa kazi, si kwa sifa. Dada anamwandikisha kila mtu uhandisi wa programu, kwa sababu ndo template anayo. Mtu alikuwa anasaidia wafanyakazi wenzake kompyuta zikigoma na kuweka wino kwenye printa, anageuzwa mhandisi wa programu. Kazi yake ni halali kabisa, ila wanaopima kazi kama hiyo hata si ACS, ni chombo kingine kinaitwa TRA. Si hii ya kodi, tulieni, ni Trades Recognition Australia. Kumpeleka kwa ACS na barua ya uhandisi ni kumuua kwa ada yake mwenyewe.

Wa mwisho wanaolizwa ni hawa waliojifunza wenyewe, wa kidato cha nne na cha sita, walioshika kompyuta kwenye duka la intaneti wakawa mafundi kweli kweli. Kwao dada ana wimbo mtamu kuliko wote: hauhitaji digrii! Na ni kweli, nusu. Ipo njia ya kutambua ujuzi kwa asiye na digrii, ndo hiyo yenye ripoti mbili za miradi, mmoja uwe wa ndani ya miaka 3 iliyopita na mwingine ndani ya 5. Nusu anayoimeza ni kwamba asiye na cheti chochote cha chuo anatakiwa awe na miaka 8 ya kazi ya kompyuta ya kulipwa, 6 kati ya hiyo iwe ya fani ile ile aliyoiombea. Mwenye digrii ya kitu kingine, tuseme uhasibu, ni miaka 6. Na miaka hiyo yote inaliwa kwenye kufuzu, haibaki ya pointi. Mtoto wa miaka 23 aliyemaliza kidato cha nne na ana miaka mitatu ya kutengeneza tovuti hana mlango hapo leo. Angeambiwa bure, angeokoa milioni tatu na nusu, angejilipia hata diploma. Badala yake kapewa ripoti ya hospitali.

Ndiyo maana neno "anasaidia vijana" linakera. Angekuwa anasaidia, nusu ya wateja wake angewarudisha nyumbani siku ya kwanza. Hajawahi kumrudisha hata mmoja, na pesa nayo hairudi. Mmoja aliyedai alipelekwa kwenye orodha ya waliofungiwa Instagram, mwingine akaambiwa ana deni la "ushauri".

Na yule kijana wa miaka 32? Alilipa. Ilipokuja barua ya kampuni asiyoijua, ikiwa na saini ya meneja ambaye hayupo, akaisoma mara mbili akaikunja. Milioni tatu na nusu kaachia. Kisha akampigia mwenzie wa zamani, mwanamke waliyekaa naye meza moja miaka yote mitatu kwa bosi, ambaye sasa yuko kampuni nyingine.

"Dada, unaweza kuniapia kwamba nilifanya kazi pale?"

"Kwani hukufanya? Sema siku gani tuonane kwa wakili."

Kiapo kimeshasainiwa, kurasa tatu, kuna mpaka lile tatizo la mwisho wa mwezi. Kimeambatanishwa na taarifa ya benki ya ile nusu ya mshahara iliyopita benki, na ile michango ya NSSF ya kuhesabu kwa vidole. Ombi limetumwa, wanasubiriwa ACS. Bosi naye wiki iliyopita alikuwa jukwaani hoteli moja ya Masaki, mada yake ilikuwa kwa nini vipaji vinaikimbia nchi. Ukumbi ulimpigia makofi.